Paa Aliyepigwa Akaenda Zake

Joël, mwendesha pikipiki wa njia ya Wamaza, alimkuta Gérard amechuchumaa nyuma ya choo chake mwenyewe, kamera usoni, akajua hapo hapo kwamba salamu zake hazitaitikiwa. Akasimama kando. Gérard akainua mkono kumwamuru anyamaze, ingawa Joël hakuwa amefungua kinywa. Wakakaa hivyo, mmoja anatazama mti, mwingine anatazama mtu anayetazama mti, mpaka Joël akachoka.

"Kaka Gérard, niko na neno toka kwa baba mukwe yako. Ni neno nzito. Shusha kwanza hiyo apareyi."

"Sema tu, nasikia."

"Anasema hivi: mukwe yangu wa Kasongo iko anapiga nyama kila siku pa nyuma ya nyumba yake, watu wote wanajua. Mguu yangu iko wapi? Anasema siku utaleta mguu, siku hiyo utaona muke yako na mutoto. Bila mguu, hawatoke Wamaza."

Kamera ikashuka. Gérard akamwangalia Joël kana kwamba ndiye mnyama wa ajabu kuliko wote waliowahi kuingia katika bustani ile.

Kwa akina Ernestine, mke wa Gérard, jambo la mguu halikuwa la mzaha. Mkwe akipiga mnyama, mguu wa nyuma unakwenda kwa baba wa mke, hata kama njia ni mbaya na mguu utafika umeanza kunuka. Mkwe anayekula peke yake amewatukana wakwe zake, na baba wa mke ana haki ya kumkalisha binti yake nyumbani mpaka tusi lifutwe. Ndoa zilikuwa zimeshavunjika kwa sababu ya paja la nguruwe pori. Gérard aliyajua hayo yote tangu siku alipokwenda kuposa, na aliyajua bila wasiwasi, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kushika bunduki wala kutega mtego. Yeye alikuwa mpiga picha. Alipiga picha za harusi, za ubatizo, za vitambulisho, na wakati wateja walipokosekana alipiga picha za viumbe waliopita nyuma ya nyumba yake.

"Nani alimwambia baba kama napiga nyama?"

Joël akakuna shingo. "Labda ni mie."

"Ulisema nini, Joël?"

"Nilikusifu! Nilisema, mukwe yenu iko anapiga nyama na ndege mpaka watu wa Bukavu wanashangaa. Nilisahau tu kumaliza na foto."

Hivyo ndivyo alivyosema, kusahau tu. Joël huongea jinsi anavyoendesha, na kila aliyempanda anajua kwamba mzigo mmoja au miwili huanguka njiani. Safari hii kilichoanguka kilikuwa neno moja, foto, na bila neno hilo Gérard alikuwa mwindaji hodari mwenye roho mbaya.

Bustani yenyewe haikuwa kitu cha kuringia. Ilikuwa kipande cha ardhi pembeni mwa Kasongo, pale nyumba zinapoisha na kichaka kinapoanza. Ernestine alikuwa ameotesha muhogo wa kuchuma sombe, mahindi, lengalenga na mstari wa mananasi. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikuwa akilalamika kwamba kuna kitu kinakula majani ya sombe alfajiri. Gérard akaenda kuvizia na kamera yake ya harusi, akarudi na picha ya paa mdogo amesimama katikati ya mistari, jani linaning'inia mdomoni, macho makubwa. Ernestine alicheka sana siku ile, akasema sombe iliyoliwa na mgeni mzuri hivyo si hasara. Pengine hilo ndilo lililomponza, kwa sababu Gérard alichukulia kicheko kile kama ruhusa ya milele.

Tangu hapo kila kilichopita kilipigwa. Fungo aliyekuja kula ndizi zilizooza, nguchiro waliofuatana kama wanakwenda kanisani, ndege chozi wa rangi saba kwenye maua ya mananasi, kenge juu ya bati la choo. Alizituma picha kwenye simu, zikazunguka, watu wa Bukavu na Kinshasa wakaandika maneno matamu. Gérard ambaye kwa kazi yake alizoea kuambiwa na mabibi harusi kwamba amewanenepesha, akaonja sifa kwa mara ya kwanza, na sifa zikamlewesha.

Halafu wakaja hondohondo wawili, ndege wa mdomo mkubwa. Jike liliingia katika tundu la mti mkavu nyuma ya choo, likajiziba humo kwa udongo, kama ilivyo desturi yao, ikabaki nafasi nyembamba ya kutoa ncha ya mdomo. Dume likawa linakuja mara kwa mara na matunda, linamlisha mkewe kupitia ufa ule. Juma lile lile, Ernestine alipanda pikipiki ya Joël, tumbo kubwa, kwenda Wamaza kujifungulia kwa mama yake, kwa kuwa mtoto wa kwanza kwao huzaliwa nyumbani kwa mama. Gérard alimsindikiza mpaka barabarani, akamfunga vizuri mzigo wake, akamwambia, "Nitakuya nyuma yako." Kisha akarudi mbio nyuma ya choo kwa sababu dume lilikuwa limesikika.

Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa mtu wa kesho. Mtoto alipozaliwa, Roger, mdogo wa baba yake Ernestine, alipanda kilima penye mtandao akapiga simu: ni binti, mama ni mzima, njoo. Gérard alishangilia mpaka jirani akatoka nje. Akasema nakuja. Roger akapiga tena baada ya muda, na tena, na kila mara Gérard akasema nakuja, na kila mara alikuwa anasema kweli moyoni mwake. Lakini siku yoyote jike lingevunja ukuta na kutoka, na picha ile hakuna mtu aliyemfahamu aliyewahi kuipata. Alijipa hoja, na hoja yenyewe ilionekana ina akili: mtoto atakuwepo, ndege hangoji. Mwezi ukaisha hivyo, mwingine ukaingia.

Sasa palikuwa na neno la mguu, nalo halikuwa la kusema nakuja.

Alikwenda kuomba ushauri kwa Moustapha, fundi cherehani wa jirani, mtu mwenye majibu ya haraka.

"Rahisi," Moustapha akasema bila kuacha kukanyaga cherehani. "Enda sokoni, chukua mguu moja ya nyama ya kukausha, peleka. Maneno imeisha."

Gérard akafurahi, akainuka. Hakufika mlangoni kabla Moustapha hajamwita.

"Ngoja. Mutu mwenye kupiga kila siku anapeleka mguu moja? Watauliza ile ingine iko wapi. Tena utakuwa umekubali kama ulipiga."

"Sasa nifanye nini?"

"Waambie ukweli."

"Ukweli wenyewe ndiyo ule: nilipiga."

"Sema ni foto."

"Baba mukwe Emile alikuwa muwindaji toka ujana. Kwake kupiga ni kupiga. Atasema namudanganya kwa sababu ya roho mubaya."

Moustapha akakata uzi kwa meno. "Basi mupelekee hiyo foto aone kwa macho."

Gérard akaingia katika chumba cha mbele kilichokuwa studio yake, akaichapa picha ya paa kwa ukubwa wote ambao mashine yake iliweza. Ilitoka vizuri. Manyoya yalihesabika. Akaiviringisha katika nailoni, akafunga kamera katika shuka, na asubuhi yake Joël akawa getini, injini inanguruma.

Hapo ndipo Gérard alipoisikia. Ko, ko, ko, kutoka kwenye mti mkavu. Akakimbia nyuma ya nyumba. Udongo ulikuwa unameguka kutoka ndani, vipande vinaanguka chini ya tundu. Jike lilikuwa linavunja.

"Joël! Tuende kesho!"

"Kesho niko Kabambare. Mie naenda leo."

"Saa kidogo tu, basi. Mpaka saa sita."

"Mvua ikinyesha hatuvuke. Kaka, mie sina mukwe anayenikatalia muke. Weye ndiyo uko naye."

Gérard alisimama kati ya mti na pikipiki, na uchungu alioupata ulikuwa wa kweli, machozi yalimlengalenga. Akamfikiria Mzee Emile amekaa kwenye kiti chake, anauliza mguu. Akaogopa. Akapanda pikipiki, na mpaka wanapita nyumba za mwisho shingo yake ilikuwa imegeuka nyuma.

Njia ilikuwa kama kawaida yake, maana yake mbaya. Walisukuma zaidi kuliko walivyopanda, na kwenye mto mmoja walivusha pikipiki juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja. Walifika Wamaza jua limeinama, matope mpaka mapajani. Gérard akapewa maji ya kuoga, akapewa ugali na samaki, akapewa kitanda katika nyumba ya Roger. Hakuna aliyemtajia Ernestine. Alisikia mtoto akilia mahali fulani upande wa pili wa ua, sauti nyembamba, na hakujua kama ni wake, kwa kuwa hakuwahi kumsikia. Jambo hilo lilimkosesha raha kuliko alivyotarajia.

Asubuhi aliitwa uani. Mzee Emile alikuwa kwenye kiti, goti lake bovu limenyooshwa mbele. Roger alikaa kulia kwake, na wazee wengine wa ukoo wakajaza benchi. Mama Cécilia, mama mkwe, alikaa mbali karibu na jiko, ametazama pembeni, maana mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Gérard akapewa kigoda. Kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kifuani.

"Mukwe," Mzee Emile akaanza, "sitakuzungusha. Nauliza kitu moja. Ulipiga nyama ao haukupiga?"

"Nilipiga, baba. Lakini..."

"Amekubali," Roger akawaambia wazee wa benchi.

"Nyama gani?" Mzee Emile akauliza.

"Paa, baba. Na fungo, na nguchiro. Na ndege mingi."

Benchi lote likaguna.

"Huyo paa aliangukia wapi?"

"Hakuanguka. Alikula sombe, akaenda zake."

"Basi ulimukosa."

"Aa, sikumukosa hata kidogo!" Hapo ufundi ulimponza, hakuna mpiga picha anayekubali kuambiwa amekosa. "Nilimupata muzuri sana, kichwa yote, mpaka jicho inaonekana."

Roger akasogeza kiti. "Ulimupiga kichwa, akaendelea kula sombe?"

"Ndiyo, baba mudogo. Nikamupiga tena. Nilimupiga mara mingi. Hakushituka, kwa sababu nilikuwa nimezima sauti."

"Bunduki yenye kuzimwa sauti," Roger akasema polepole, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Si bunduki, wababa! Ni foto! Ni apareyi tu!" Gérard akafungua nailoni, akaikunjua picha, akaishika mbele yao kama kitambaa cha kuuza.

Wazee wakaipokea, ikapita mkono hadi mkono. Mmoja akasema paa huyu ameshiba. Mwingine akauliza sombe ni ya nani. Gérard akajibu ni ya Ernestine. Yule mzee akasema kumbe mnyama amelishwa na binti yao, basi ni wao mara mbili. Picha ikafika kwa Mzee Emile. Akaitazama kwa muda, jicho la mtu aliyewafuata paa maisha yake yote, kisha akanyoosha mkono nyuma. Akapewa kisu kidogo cha kumenyea mihogo. Akaweka picha juu ya goti lake zima, na kwa uangalifu, akifuata mstari wa manyoya, akaukata mguu wa nyuma kuanzia kwenye nyonga.

"Hii ni yangu," akasema, akautia mfukoni mwa shati. Akamrudishia Gérard paa mwenye miguu mitatu.

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Roger alikuwa anafuta machozi. Hata Mama Cécilia, huko jikoni, alijifunika uso kwa kitenge. Gérard akacheka pia, kwa kufunguka moyo, akidhani sasa ameokoka.

"Basi, baba, neno imeisha? Naweza kuona muke yangu?"

"Neno yangu imeisha. Haikuwa neno hata." Mzee Emile hakuwa anacheka tena. "Joël alisema vile, ni kweli, tulicheka siku hiyo. Lakini hizi foto Roger anazionaka kule kilimani, ananionyesha. Huyu paa ninamujua zamani. Unafikiri mie ni mutu wa kuzuia mutoto wa watu sababu ya karatasi?"

"Sasa kwa nini uliniita hivyo?"

"Si mie nilikuita. Ernestine ndiye aliniambia nikutumie neno ya mguu. Enda muongee naye."

Ernestine alikuwa nyuma ya nyumba, amekaa kwenye mkeka, anachambua mchele. Mtoto hakuwepo. Alikuwa amepungua usoni, na alimtazama mumewe jinsi mtu anavyomtazama fundi aliyechelewesha kazi.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Ernestine, ulinitisha sana."

"Najua. Ndo maana nilifanya vile. Nilikuita uone mutoto, haukukuya. Baba mudogo alikuita mara ngapi, haukukuya. Nikakuitisha mguu ya nyama, unaona, siku mbili uko hapa." Akapeta mchele, makapi yakaruka. "Lete apareyi."

Akamletea. Ernestine alijua kuitumia. Alikuwa ameshamsaidia kwenye harusi nyingi. Akaiwasha, akaanza kupitisha picha moja moja kwa kidole gumba. Gérard akakaa kando yake, na kwa kuwa alikuwa mpumbavu kwa namna yake, akaanza kumweleza. Hapa unaona dume, ameleta tunda. Hapa analipitisha kwenye ufa. Analeta kutwa nzima, hachoki, mwenzake yuko ndani hawezi kutoka...

Akanyamaza mwenyewe. Maneno yalikuwa yameshatoka, akayasikia. Akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ernestine aliendelea kupitisha picha, kurudi nyuma, miezi ikarudi nyuma pamoja nazo, mvua, kiangazi, mahindi yakiwa mafupi.

"Natafuta kitu," akasema.

"Nini?"

"Mie."

Wakatafuta wote wawili. Walimpata mara moja. Ilikuwa picha ya chozi kwenye ua, na nyuma ya chozi, katika ukungu, palikuwa na rangi ya kijani na manjano iliyoinama.

"Hiyo ni kitenge yangu," Ernestine akasema. "Nilikuwa napalilia. Nilikuwa na mimba."

Gérard aliona haya ya kweli, wala hakutafuta hoja. "Nilikosa," akasema.

Ernestine akazima kamera, akamrudishia. "Nilikuwa naogopa sana siku ile ya kuzaa. Nilikuwa naita jina yako kama mujinga. Nilikasirika, Gérard, mpaka nilisema sitarudi Kasongo. Sijue kama nitarudi."

"Na mutoto iko wapi?"

"Iko ndani. Hajatoka inje bado. Hajaona jua."

Gérard hakuelewa, na ilimbidi aelezwe kama mgeni. Kwa akina Ernestine mtoto hutolewa nje siku baba yake anaposimama mlangoni na kulitaja jina lake mbele ya wazee. Mpaka siku hiyo hatoki ndani, hana jina, na hapigwi picha wala kuonyeshwa watu. Mama hawezi kulitaja jina kabla ya baba. Mtoto aliyetajwa na mama kwanza, watu wataanza kuuliza baba ni nani. Kwa hiyo binti yake alikuwa amekaa gizani muda wote ule, wanamwita yule wa ndani, wakimngoja yeye.

"Baba atakuuliza leo mangaribi," Ernestine akasema. "Uko na jina?"

Gérard angeweza kutaja kila ndege aliyetua katika bustani yake, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kibangubangu, lakini kwa binti yake hakuwa ameandaa hata jina moja.

"Sina."

Ernestine akatikisa kichwa, akarudia mchele wake.

Gérard alikaa pale. Simu yake ilikuwa mfukoni, na mara akakumbuka kwamba Moustapha angekuwa ameshajua habari za mti mkavu. Angeweza kupanda kilima akauliza. Hakwenda. Joël, akielekea Kabambare, akapita na pikipiki kuuliza kama kuna ujumbe wa kupeleka Kasongo akirudi. Gérard akamwambia hakuna, aende tu. Alikaa mpaka mchele ukaisha kuchambuliwa, akamsaidia kubeba ungo.

"Ernestine, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Weye unamuitaka nani? Wakati uko naye peke yenu. Huwezi kukaa na mutoto miezi yote hii bila kumuita."

Mke wake alisimama. Ilionekana kama hakutegemea swali hilo kabisa, na kwa muda hakujua kama akasirike au la. Akatazama huku na huku.

"Esther-Divine," akasema kwa sauti ya chini. "Wakati namunyonyesha. Hakuna mutu anayejua, hata mama. Usiseme."

Jioni, jua likiwa bado lipo kwenye majani ya migomba, wazee wakakusanyika mbele ya mlango. Mzee Emile alisimama upande mmoja akiegemea fimbo. Gérard akasimama mbele ya kizingiti, mikono mitupu, shati la Roger mwilini kwa kuwa lake lilikuwa limejaa matope. Ernestine akatokea ndani, amembeba mtoto kwenye kitambaa cheupe, akabaki upande wake wa kizingiti. Uso wa mtoto haukuonekana.

"Baba wa mutoto," Mzee Emile akaita, "huyu anayetaka kutoka ni nani?"

"Ni Esther-Divine," Gérard akasema.

Wazee wakaitikia jina, kama inavyotakiwa, na vigelegele vya Mama Cécilia vikatoka jikoni. Ernestine alikuwa ameinamisha kichwa. Mambo yangeishia hapo, yangekuwa yameisha vizuri, lakini Roger, mtu wa maswali, akasema, "Jina muzuri. Uliitoa wapi?"

Desturi ilimpa Gérard nafasi ya kujibu chochote. Angeweza kusema ni la bibi yake, au la mtakatifu fulani. Alimwangalia Ernestine, akaona amekaza taya, anangoja uwongo.

"Sikuitoa mie," akasema. "Ni mama yake alimuitaka, miezi yote, wakati mie sikukuwa. Mie nimefika tu, nimeitika."

Mzee mmoja wa benchi akakohoa. Lilikuwa jambo baya kusemwa mlangoni, mwanaume kukiri mbele ya wakwe kwamba mtoto wake aliitwa kabla yake, na kesho Wamaza nzima ingelijua, na keshokutwa Joël angelifikisha Kasongo likiwa limepungukiwa neno lolote. Roger akamtazama kaka yake. Mzee Emile alichora kitu kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo, akakifuta kwa mguu.

"Wawili wamemuita jina moja," akasema mwishowe. "Atoke."

Ernestine akavuka kizingiti. Hakumpeleka mtoto kwa babu yake kwanza, kama ilivyopangwa. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya mumewe, macho yake yamejaa machozi na amekasirika kwamba yamejaa, akamfunua mtoto uso. Alikuwa mdogo, mweusi, nywele zimelala upande mmoja, anafinya macho kwa mwanga.

"Nitamupima kwanza baba yako," akamwambia mtoto, "kisha tutaona habari ya Kasongo." Akamgeukia Gérard. "Mushike. Hapana hivyo. Mukono chini ya kichwa, Gérard. Kichwa, shika kichwa."